Saa Mbili ya Nani? Programu Huria na Utafiti Unaorudiwa

Hotuba kwa watafiti, wanafunzi na wakusanya data wa mwambao, Lamu

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wetu, walimu, ndugu zetu wa BMU, vikundi vya usimamizi wa fukwe, mliokuja kwa mashua kutoka Faza, Kizingitini na Kiunga, na nyinyi vijana mnaoshinda mbele ya kompyuta, karibuni.

Tutaanza na daftari, maana utafiti mwingi hufia humo kabla programu yoyote haijafunguliwa. Mkusanya data amesimama dikoni, mashua imeingia, anaandika: "Saa 2:00, maji yamejaa, tafi kilo 14." Hakuna humu ndani asiyemwelewa. Daftari likifika mezani kwa mtu mwingine, saa hiyo inaingizwa kwenye kompyuta kuwa 02:00. Hilo ni kosa la saa sita, na angalieni limeangukia wapi. Maji yetu hujaa mara mbili kwa siku. Toka kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi, na toka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika 12. Ukiitafuta 02:00 kwenye jedwali la maji, utakuta maji yamekupwa karibu kabisa. Kwa hiyo kosa hili halichafui data tu, linazipindua. Mchoro unatoka safi, wenye mwelekeo unaopendeza macho, nao unasema kinyume cha yaliyotokea. Kosa la ovyo lingetawanya nukta na mtu angeshtuka. Hili halimshtui mtu. Shahidi pekee ni yale maneno "maji yamejaa", na mara nyingi ndiyo ya kwanza kuachwa wakati wa kuingiza data, eti si namba.

Kuna ndugu yake mdogo. Vifaa vya kupimia kina cha maji huandika saa za UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Saa tatu ni kama robo ya mzunguko wa maji, kwa hiyo maji yaliyojaa yanasomeka kana kwamba yako nusu njia.

Wengi huamua kumfundisha mkusanya data ageuze saa kichwani. Sisi hatukubaliani na njia hiyo. Mtu amelowa, mashua tatu zimeingia pamoja, wanunuzi wanapiga kelele. Mwacheni aandike saa anayoijua, na fomu iwe na kisanduku cha alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Kugeuza ni kazi ya msimbo, yaani maagizo tunayoiandikia kompyuta. Sheria inaonekana nyepesi: mchana ongeza 6, usiku na alfajiri ongeza 18 kisha toa 24 ikifika 24 au zaidi. Ukiiandika hivyo tu utaanguka kwenye saa 12 asubuhi, ambayo 12 na 6 inaipeleka 18:00, jioni. Kwa hiyo funksheni hiyo, yaani kipande cha msimbo kinachofanya kazi hiyo moja, lazima ije na majaribio yake, yaliyoandikwa na kuhifadhiwa pamoja nayo: saa 12 asubuhi itoe 06:00, saa 12 jioni itoe 18:00, saa 6 mchana itoe 12:00, saa 6 usiku itoe 00:00, saa 11 alfajiri itoe 05:00. Halafu kuna tarehe. Wavuvi wa usiku wengi hapa huhesabu siku kuanzia magharibi, hivyo "usiku wa Ijumaa" kwa mzee ni Alhamisi kwa kompyuta. Hapo hakuna msimbo wa kukisia. Fomu iulize "usiku wa kuamkia siku gani". Kinachohifadhiwa mwishoni kiwe na mwaka, mwezi, siku, saa na tofauti na UTC, kwa mfano 2024-03-09T08:00+03:00, na safu ya maneno ya asili ibaki pembeni yake bila kuguswa.

Funksheni hii moja, majaribio yake matano na ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili tayari ni programu huria, yaani iliyo wazi kwa yeyote kuisoma, kuitumia na kuiboresha, nayo inastahili kutolewa. Tunasisitiza udogo wake kwa makusudi. Wafadhili hupenda tovuti kubwa yenye ramani za rangi rangi. Mradi ukiisha, seva haina wa kuilipia, jina la tovuti linakwisha muda, na data zinazama nayo. Kifurushi kidogo cha R au Python, lugha za kuandikia programu, chenye funksheni nne zilizopimwa vizuri hakidai kodi kwa mtu. Kinaweza kukaa miaka kumi kwenye hazina ya wazi ya msimbo mtandaoni na bado kikasomeka.

Sasa, tunaposema utafiti unaorudiwa tuna maana finyu: mtu mwingine, kwa kompyuta nyingine, akichukua data zilezile na msimbo uleule, apate jibu lilelile bila kukupigia simu. Kwenda tena baharini kukusanya data mpya ni jambo jingine, gumu zaidi. Lakini hata hili jepesi linatushinda. Mwaka 2016 jarida la Nature liliwauliza watafiti 1,576. Zaidi ya asilimia 70 walisema wamewahi kujaribu kurudia jaribio la mwenzao wakashindwa, na zaidi ya nusu walishindwa kurudia la kwao wenyewe. Wachumi wanakumbuka kisa cha Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, ambao mwaka 2010 walichapisha kwamba nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa hukua kwa wastani wa −0.1 kwa mia. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Massachusetts pale Amherst, alipewa faili lao la Excel akaona hesabu ya wastani imeishia mstari wa 44 badala ya wa 49, nchi tano zikabaki nje. Baada ya kurekebisha hilo pamoja na mambo mengine ya uchaguzi wa data na uzito wake, wastani ulikuwa 2.2. Ile makala iliyochapishwa isingemfikisha popote. Ni kupewa faili kulikomfungulia njia.

Mpangilio wenyewe hauhitaji ufundi mkubwa. Folda ya data ghafi, ambayo ikishaingia hairekebishwi tena, hata herufi; kosa likionekana, linasahihishwa na mstari wa msimbo unaosema nini kimebadilishwa na kwa nini. Folda ya skripti, yaani faili za msimbo. Folda ya matokeo. Na faili la NISOME linaloeleza kila safu ina maana gani na vipimo vyake. Kipimo cha uaminifu ni kimoja: futa folda yote ya matokeo, endesha amri moja, na kila jedwali na mchoro virudi. Anayeogopa kuifuta anajua mwenyewe kwa nini. Kuna kitu kimoja ndani ya data ghafi kinachoharibu hesabu za uvuvi kuliko vyote, nacho ni kisanduku kitupu. Mvuvi aliyetoka akarudi bila samaki ni sifuri, na sifuri ni data. Siku ambayo mkusanya data hakufika dikoni si sifuri. Ukiviacha vyote viwili vitupu, wastani wako wa samaki kwa kila safari utapanda juu bila bahari kuongeza hata dagaa.

Wanaotumia daftari za Jupyter, zile za kwenye kompyuta zinazoweka maelezo, msimbo na matokeo pamoja, wasijione wamesalimika. Mwaka 2019 watafiti walikusanya daftari za namna hiyo zipatazo milioni 1.4 kutoka GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo; kati ya zile walizojaribu kuziendesha, kama asilimia 24 tu zilifika mwisho bila hitilafu, na asilimia 4 tu zilitoa matokeo yaleyale. Sababu mojawapo inajulikana: visanduku vya msimbo viliendeshwa kwa kurukaruka, cha saba kabla ya cha tatu, kisha kimoja kikafutwa lakini thamani yake ikabaki kwenye kumbukumbu. Kabla ya kuhifadhi, zima kila kitu, washa upya, endesha kutoka juu hadi chini.

Halafu matoleo. Hapa ndipo watu wazuri hukosana bure. Chukua R. Ukiweka mbegu ya namba za bahati nasibu, 42 kwa mfano, kisha ukaomba sampuli kwa sample(), R ya kabla ya toleo 3.6.0 na R ya baada yake, lililotoka mwaka 2019, hutoa sampuli tofauti, kwa kuwa njia ya kuchagua ilisahihishwa. Msimbo haukuguswa, mbegu ni ileile, jibu limebadilika. Toleo 4.0.0 la mwaka 2020 nalo likabadilisha namna ya kusoma maandishi kwenye majedwali, na skripti nyingi za zamani zikakwama. Dawa ni kuandika matoleo yote: kwa R, kifurushi cha renv hutengeneza faili la renv.lock lenye kila kifurushi na namba yake. Kwa Python, orodha ya vifurushi yenye namba kamili, si jina tupu.

Tabia hii ina kumbukumbu hapa pwani kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kutafuta mionzi ya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Orodha ya vyanzo ilivyovigundua ilitolewa mara kadhaa kadiri uchambuzi ulivyoboreshwa, na ile ya 1978 ilikuwa na vyanzo 339. Wanaastronomia mpaka leo huandika 4U mbele ya namba ya chanzo: U ni Uhuru, 4 ni toleo la nne la orodha. Toleo limeshonwa ndani ya jina, hata msomaji hawezi kuchanganya namba za 3U na za 4U. Data zetu za samaki zinastahili heshima hiyohiyo, na hazitagharimu roketi.

Tuje kwenye mikoko, maana zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu na hesabu za hewa ya ukaa zimeanza kuwa na fedha ndani yake. Fomula inayotumiwa sana ni ya Komiyama na wenzake, ya 2005: uzito wa sehemu ya mti iliyo juu ya ardhi, kwa kilo, ni 0.251 × ρ × D kwa kipeo cha 2.46, ambapo D ni kipenyo kwa sentimita na ρ ni uzito wa mbao kwa gramu kwa sentimita ya ujazo. Miti iliyopimwa kuipata ilikuwa ya Asia ya Kusini-Mashariki, jambo la kuandikwa kwenye NISOME badala ya kumezwa kimya. Sasa, utepe wa kawaida hupima mzingo. Upo pia utepe wa misitu ambao umeshagawanywa kwa pai na husoma kipenyo moja kwa moja. Timu mbili, tepe mbili, safu moja imeandikwa "D". Mti wa mzingo wa sentimita 10, wenye ρ ya 0.7, una kilo 3 hivi. Ukiingizwa kana kwamba 10 ni kipenyo, unakuwa kilo 50.7. Kosa ni mara 16.7 kwa kila mti, na kwa kuwa ni lilelile kwa kila mti, mchoro bado unanyooka vizuri. Mwenye kununua hewa ya ukaa akigundua baadaye, hatauliza tepe zilikuwa ngapi.

Kifurushi kinaweza kuzuia hili mapema. Safu iitwe mzingo_cm au kipenyo_cm, na funksheni ikatae jina jingine lolote. Jaribio lihakikishe kwamba kipenyo cha 10 na ρ ya 0.7 vinatoa 50.67, likiruhusu tofauti ya 0.01. Ukidai usawa kamili hadi tarakimu ya mwisho, jaribio linaweza kuanguka kwenye kompyuta ya mwenzako kwa sababu vichakataji havijumlishi desimali kwa mpangilio mmoja, na watu watazoea kupuuza majaribio yanayoanguka. Na kwa mkoko wenyewe, ule wa mizizi inayoshuka kutoka shinani, kipenyo hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, si mita 1.3 kutoka chini kama mchu. Fomu iulize spishi kwanza, kisha ionyeshe mahali pa kupima.

Viwianishi, yaani namba za latitudo na longitudo, vina mzaha wao. Mji wa Lamu uko −2.27, 40.90. Ukisahau alama ya kutoa, mikoko yako inahamia kaskazini kilomita 500, kwenye nchi kavu jirani na mpaka wa Somalia. Ukibadilisha nafasi za namba, inaota katikati ya Hispania. Mistari mitatu ya msimbo inayokagua kwamba kila nukta iko ndani ya mwambao wa Kenya hukamata yote mawili. Hatujui kisingizio cha kutoiandika.

Mtandao. Watu wa visiwani husema Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ni ya wenye intaneti ya kasi. Sivyo, Git hufanya kazi yake yote ndani ya kompyuta yako, na historia nzima ya mradi unaweza kuifunga kwenye faili moja kwa amri ya git bundle create lamu.bundle --all, ukaitia kwenye flashi, ikavuka na mashua hadi Pate, na mwenzako akaifungua kwa git clone kama vile ameichukua mtandaoni. Kinachoelemea ni picha. GitHub hukataa faili linalozidi megabaiti 100, kwa hiyo picha za droni na za setilaiti zisiingizwe humo. Ziweke kwenye ghala la kudumu na ndani ya hazina uache anwani yake pamoja na alama ya SHA-256, inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, ili anayepakua ajue faili limefika zima. Nywila nazo: ikishaingia kwenye historia, kulifuta faili hakuiondoi. Ibadilishe siku hiyohiyo.

Kuhusu kontena za Docker, zinasaidia kubeba programu pamoja na mfumo mzima inaoutegemea, lakini moja huweza kula mamia ya megabaiti au gigabaiti kadhaa, na ile inayoitwa "latest" leo si ya mwezi ujao. Kwa hali ya bando zetu, anza na orodha ya matoleo. Kontena iwe ya mwisho, na itajwe kwa alama yake kamili ya sha256.

Leseni hatuipitii kwa urefu. Msimbo uliowekwa wazi bila leseni haujamruhusu mtu kuutumia. Haki zote bado ni za mwandishi. MIT au GPL kwa msimbo, CC BY au CC0 kwa data, faili moja, dakika tano. Na GitHub si ghala la kudumu: huduma ya Google Code, iliyokuwa na miradi mingi, ilifungwa mwaka 2016. Zenodo, iliyoanzishwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, mwaka 2013, huhifadhi hadi gigabaiti 50 kwa kila wekesho bila malipo, hutoa DOI, yaani namba ya kudumu ya kunukulia, kwa kila toleo na DOI nyingine inayosimamia matoleo yote. Kwenye makala taja ile ya toleo. Wanaohitaji machapisho kwa kupandishwa cheo chuoni wajue kuna Journal of Open Source Software, lililoanza 2016. Halitozi ada, na wakaguzi wake husakinisha programu yako na kuiendesha hadharani. Ni ukaguzi mkali kuliko ule wa majarida mengi yanayodai fedha.

Yote haya ni mepesi yakilinganishwa na kutunza. Msimbo huandikwa wiki chache. Maswali huja miaka. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund alitangaza kwamba amekuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana faili iliyomo kwenye mifumo mingi ya Linux. Alishtuka kwa kuwa kuingia kwenye seva kulichelewa kama nusu sekunde. Aliyeupenyeza alikuwa amejitolea kusaidia kwa zaidi ya miaka miwili, huku mtunzaji, aliyekuwa karibu peke yake na amechoka, akishinikizwa aachie funguo. Funzo la watu wa usalama liko kwao. Letu ni kwamba mradi wa mtunzaji mmoja ni mradi wenye ufa, hata kama ni wa kuhesabu tafi.

Kwa hiyo kifurushi chochote kitakachotoka hapa kiwe na watunzaji wawili au zaidi, wa taasisi tofauti, wote wakiwa na funguo za hazina na za Zenodo. Hakuna mabadiliko yanayoingia bila mtu wa pili kuyasoma, hata ya mwalimu mkuu wa mradi. Hasa ya mwalimu mkuu, maana wanafunzi humwonea haya. Ripoti za hitilafu zipokelewe kwa Kiswahili. Anayejua kwamba fomu inachanganya watu ni yule wa dikoni, naye akilazimishwa Kiingereza atanyamaza na kuandika anavyojua. Na jina lake liwemo kwenye faili la kunukuu, pamoja na waandishi wa msimbo. Mkusanya data wa miaka minane kuandikwa "tunawashukuru wenyeji" ni dhuluma iliyovaa adabu.

Mwisho ni yale ambayo hayapaswi kuwa wazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inalinda taarifa za mtu, na kufuta jina hakutoshi: kijijini penye jahazi moja tu, aina ya chombo na tarehe ya kutua vinamtaja mwenyewe. Mahali pa kuvulia ni siri ya nahodha, na mahali kasa wanapotaga ni siri ya sote. Fupisheni viwianishi hadi desimali moja, ambayo ni kilomita 11 hivi, kabla ya kuweka hadharani. Vile kamili vibaki kwa BMU yenyewe, na anayevitaka aende akaombe huko. Ruhusa iombwe siku ya kwanza, kabla ya samaki wa kwanza kupimwa, na mvuvi aambiwe wazi nini kitaonekana na nani atakiona.

Baada ya sala ya adhuhuri na chakula tutarudi hapa na kompyuta. Kaeni wawili wawili, kila mtu na asiyemfahamu. Mpe mwenzako folda yako kwa flashi, afute matokeo, aendeshe. Wewe nyamaza. Kila atakalokuuliza liandikeni, kwa sababu ni sentensi iliyokosekana kwenye NISOME yako, na kabla ya alasiri tunataka ziwe zimeingia.